Sura ya Saba: Nyuzi Sitini na Sita

"Sisaini, afande."

Dereva wa kreni aliisukuma karatasi kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeondoa mdudu kwenye sahani yake. Ikateleza juu ya meza mpaka kwa Inspekta. Inspekta akairudisha. Dereva akaisukuma tena.

"Mchezo huu tutaucheza mpaka lini?" Inspekta akauliza.

"Wewe ndiye mwenye meza."

Inspekta alitaka kucheka, akajizuia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye miguu isiyochoka, na pale kituoni walimwita Kupe. Hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Akishang'ata jambo, haachii mpaka ashibe au abanduliwe kwa nguvu, na waliojaribu kumbandua walikuwa wachache na hawakurudia.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi, ukimsikiliza kila mtu isipokuwa huyu aliyekaa mbele yake. Kwenye ujenzi wa ghorofa, mzigo wa nondo wa tani tatu uliachia ukiwa juu angani, ukamwangukia fundi nondo aliyekuwa chini. Akafa palepale. Fundi huyo alikuwa shemeji yake dereva, mume wa dada yake wa tumbo moja. Kampuni ikaleta ripoti iliyofungwa vizuri, yenye jalada la plastiki: dereva aliunyoosha mkono wa kreni kupita kiasi, kreni ikazidiwa, mzigo ukaanguka. Ilibaki sahihi moja tu, ya dereva mwenyewe, kukiri uzembe. Akiitia, anakwenda gerezani. Na gereza lilikuwa jambo dogo. Kubwa ni kwamba dada yake angekaa na jambo hilo maisha yake yote, kwamba aliyemfanya mjane ni kaka yake.

"Dada yako amekuja kukuona?" Inspekta akauliza.

"Hajaja." Dereva akatazama pembeni. "Wamempelekea ripoti nyumbani. Nakala yake mwenyewe, na pole nyingi. Wana haraka ya kupoza watu, hao."

"Basi achana na karatasi. Niambie, mzigo ulipoachia, mkono wa kreni ulikuwaje?"

"Ulisimama."

"Ulisimama vipi? Nionyeshe."

Dereva akaweka kiwiko juu ya meza, akainua mkono. Vidole vikaelekea dari, vimeinama mbele kidogo tu, kama mwanafunzi anayejua jibu lakini hana haraka ya kulisema.

"Hivi. Nyuzi sitini na sita. Kioo cha ndani ya kibanda kiliandika, na kampuni yenyewe inakubali. Hapo hatubishani. Urefu wa mkono ni mita thelathini, napo hatubishani."

"Mnabishana wapi sasa?"

"Kwenye umbali. Wao wanasema mzigo ulining'inia karibu mita thelathini kutoka kitako cha kreni. Umbali huo hata tani moja hairuhusiwi, afande, na mimi nilibeba tatu. Nina wazimu? Na chini nimemwona shemeji yangu amesimama?"

Inspekta akasogea mbele. Alikuwa anautazama ule mkono. Akachukua kalamu yake, akaisimamisha mezani wima chini ya ncha za vidole vya dereva. Kutoka kiwiko mpaka kalamu palikuwa na nafasi ndogo, hata kiganja kizima na nusu hakikufika.

"Ulaze," akasema.

Dereva akaulaza mkono mezani. Vidole vikapita kalamu, vikapita jalada la ripoti, vikakaribia ukingo wa meza.

"Uinue tena kama mwanzo."

Vidole vikarudi juu ya kalamu.

Inspekta akabaki ameishika ile kalamu. Mkono wa kreni wenye urefu wa mita thelathini ukitaka ufike mita thelathini mbele, ni lazima ulale chini kama mkeka. Na uliolala hauna nyuzi sitini na sita, una sifuri.

Siku nzima iliyopita alikuwa amechimba mahali pasipo maji. Alidhani kuna mtu amechezea kipimo cha nyuzi, akaenda mpaka yadi walikoikokota ile kreni, akakikagua na fundi umeme mpaka jua likawachoma visogo. Kipimo kilikuwa safi. Akapima urefu wa mkono kwa futi kamba, akiishika mwenyewe upande mmoja. Mita thelathini kamili. Kule kwenye ujenzi hapakuwa na cha kupima, maana pale mzigo ulipotua walikwisha kumwaga zege, wakapalainisha kama hapajawahi kutokea kitu. Nambari zote mbili zilikuwa za kweli, halafu jibu likatoka la uongo. Inspekta alishakaa meza moja na waongo wa kila namna, lakini wa namna hii alikuwa hajampata.

"Nirudishwe ndani?" dereva akauliza.

"Kunywa chai kwanza," Inspekta akasema, akatoka.

* * *

Mkuu wa kituo alimkuta kwenye korido, au tuseme alimvizia. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya upole aliyoitumia hasa pale anapotaka kumkandamiza mtu.

"Kupe wangu. Amesaini?"

"Hajasaini, mkuu."

"Basi faili litaenda hivyohivyo. Mwendesha mashtaka analisubiri mchana huu. Kampuni wananipigia simu kama wanadai mahari."

"Haliendi."

Mkuu akakohoa. "Sijakusikia vizuri."

"Umenisikia. Faili haliendi bila sahihi ya mpelelezi, na mpelelezi ni mimi, na mimi sisaini. Leo tumekuwa wawili."

"Ripoti imeandikwa na mhandisi, mwanamke wewe! Mhandisi! Mtu amesoma! Wewe na mimi hesabu tumejifunzia wapi?"

"Mimi nilijifunzia darasa la jioni, baada ya doria," Inspekta akasema. "Wewe sijui. Nipe mpaka mchana huohuo."

"Na ukikosa?"

"Nikikosa unihamishie kule unakonipelekaga kila mwaka kwa mdomo. Safari hii nitafungasha mwenyewe."

Akampita, akaingia ofisini kwake, akafunga mlango kwa kisigino.

Ofisi ilikuwa na meza mbili, kompyuta moja na feni iliyozunguka kwa kulalamika. Inspekta akachomeka flashi. Hiyo flashi ilikuwa na kisa chake. Mhandisi wa usalama wa kampuni alitaka kumpa karatasi peke yake, na Inspekta akang'ang'ana apewe faili lenyewe la lahajedwali, lile jedwali la kompyuta ambalo hesabu ilipigiwa. Karatasi humwonyesha mtu pale mwenzake alipofika. Alitaka aone na njia aliyopita.

Akafungua. Jedwali lilikuwa fupi: urefu wa mkono, pembe, umbali. 30. 66. 29.99. Akabofya seli ya umbali, na juu, kwenye ule mstari wa fomula, ikajitokeza:

=ABS(30*COS(66))

Kosaini alikuwa anaikumbuka. Mwalimu wa darasa la jioni aliegemeza ngazi ukutani na kuwaambia: urefu wa ngazi, zidisha kwa kosaini ya pembe yake na sakafu, unapata umbali wa mguu wa ngazi mpaka ukutani. Kwa hiyo fomula ilikuwa sahihi. Urefu, mara kosaini ya pembe. Akaiangalia tena, akaiona sahihi tena, na moyo ukamshuka kidogo.

Akajaribu kwenye seli tupu. Mkono uliolala kabisa, nyuzi sifuri: =30*COS(0). Ikatoka 30. Sawasawa. Mkono ukilala, unafika urefu wake wote.

"Unaniambia ukweli," akaiambia kompyuta. "Mbona?"

Watu wengi wangeishia hapo. Jibu moja likishakuwa zuri, mtu anafunga duka. Kupe akajaribu upande wa pili. Mkono uliosimama wima kabisa, nyuzi tisini, mzigo wake unaning'inia palepale kitakoni, umbali ni sifuri, hilo hata mtoto wa chekechea analiona. Akaandika =30*COS(90).

Ikatoka −13.44.

Akaketi vizuri. Umbali wa chini ya sifuri. Akaandika sitini, kwa sababu ile kosaini ya sitini hata aliyelala darasani anaijua, ni nusu, na nusu ya thelathini ni kumi na tano. Mashine ikamletea −28.57.

"Hee. Umelewa, wewe."

Akaanza kuandika upya polepole, herufi moja moja, na alipofungua mabano, programu ikamtolea kidirisha kidogo cha msaada chini ya fomula. Ni kile kidirisha ambacho kila mtu hukipita kama anavyompita mlinzi wa benki. Inspekta akakibofya, akasoma yote mpaka mwisho. Pale paliandikwa wazi: pembe unayotaka kujua kosaini yake, *katika radiani*. Kama pembe yako iko katika nyuzi, ibadilishe kwanza.

Akasoma mara ya pili akisogeza midomo. Radiani ni kipimo kingine cha pembe, kama vile maili ni kipimo kingine cha safari. Nusu duara kwa nyuzi ni mia na themanini, na kwa radiani ni pai, tatu na kipande. Mashine haikulewa. Iliambiwa sitini na sita, nayo ikahesabu radiani sitini na sita kwa utii wote: ikauzungusha mkono wa kreni duara zima mara kumi, ikaongeza nusu duara, ikaulaza chali ukitazama nyuma. Ndiyo maana ikaleta minasi thelathini kasoro kidogo. Na sifuri ikasalimika kwa sababu sifuri ni sifuri kwa kipimo chochote.

Akaandika:

=30*COS(RADIANS(66))

12.20.

Mita kumi na mbili na kidogo. Kwenye bamba la chuma lililopigiliwa ndani ya kibanda cha ile kreni, alikoinama jana na kulinakili, umbali huo uliruhusu tani nne. Dereva alibeba tatu. Alikuwa ndani ya kipimo na chenji inabaki.

Inspekta akapiga meza kwa kiganja, feni ikashtuka. Alikuwa anainuka aende kwa Mkuu akamrushie usoni, ndipo jicho lake likanasa kitu kando ya jedwali, kule kwenye namba za mistari. Moja, mbili, tatu, nne. Halafu kumi na tano.

Akaketi tena. Akabofya mara chache. Akatazama kilichotokea kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama ile kosaini. Kisha akachomoa flashi, akaita askari wawili na dereva wa gari, akatoka bila kumuaga mtu.

* * *

Ofisi ya mhandisi wa usalama ilikuwa kontena lililokatwa madirisha, ndani kuna kiyoyozi, nje kuna vumbi na kelele za msumeno. Mhandisi alikuwa kijana mtanashati, kofia yake ngumu nyeupe haina hata mkwaruzo. Alimvutia Inspekta kiti.

"Karibu, mama. Maji? Soda?"

"Nashukuru, niko sawa. Nimekuja kujifunza. Hebu nifungulie lile jedwali lako."

Akalifungua. Inspekta akasimama nyuma ya bega lake.

"Ukiweka tisini inakuja ngapi?"

"Tisini?"

"Mkono umesimama wima. Weka, nione."

Kijana akaandika. Kwa ile fomula yake, ikatoka 13.44. Vidole vyake vikabaki juu ya kibodi.

"Mkono umesimama kama nguzo," Inspekta akasema, "na mzigo uko mita kumi na tatu mbele. Umeshikwa na nani huko? Na malaika?"

Mhandisi akatazama kioo, kisha akajipiga paji la uso. Alijipiga vizuri, kwa kipimo.

"Radiani! Mungu wangu. Mama, nimesahau kubadilisha iwe radiani. Aibu gani hii! Unajua, haya makosa yanatukuta wote, mtu una haraka, umechoka, kuna msiba... Ni kosa la kibinadamu kabisa."

"Kabisa," Inspekta akasema. "Mimi mwenyewe lilinipiga chenga asubuhi. Lirekebishe."

Akarudisha 66, akalirekebisha upesi. 12.20 ikakaa mahali pa 29.99. Akageuka na tabasamu la mtu aliyevuka barabara salama. "Nitaandika ripoti upya leo hiihii. Na dereva naye nitamwomba radhi. Yameisha, mama?"

"Hilo limeisha. Kosa hilo nimekusamehe, na ningemsamehe yeyote. Niambie la pili. Hii ABS ni ya nini?"

"Ni... inaondoa alama ya minasi."

"Inaondoa minasi. Kwa hiyo minasi uliiona."

Kijana akaondoa mikono kwenye kibodi. Nje, msumeno nao ukaacha kazi, kama walipatana.

"Mtu akipima umbali akapata chini ya sifuri, anajua kipimo kimeharibika," Inspekta akaendelea, hakupandisha sauti. "Fundi cherehani akipima kiuno cha mtu akapata minasi, hakati kitambaa. Anatupa futi. Wewe hukutupa. Uliifuta ile alama, ukaacha namba."

"Niliona ni tatizo dogo la kompyuta tu..."

"Na hizi?" Akainama, akashika kipanya mwenyewe, akateua mistari ya nne na ya kumi na tano, akabofya *onyesha*. Jedwali likafunguka kama mdomo. Mistari kumi iliyokuwa imefichwa ikajitokeza: sifuri, kumi, ishirini, mpaka tisini, na kila pembe na umbali wake. Thelathini. Minasi ishirini na tano. Kumi na mbili. Nne na kitu. Minasi ishirini. Ishirini na nane na kitu. Mzigo ulikuwa unakwenda mbele na kurudi nyuma kama mlevi anayetafuta nyumba yake.

"Ulijaribu pembe zote," Inspekta akasema. "Ulijua jedwali zima ni bovu. Ukaficha mistari kumi, ukabakiza mmoja uliokufaa, ukaupamba, ukaupeleka kwa mjane na pole. Sasa usiniambie habari za kuchoka."

"Huwezi kuthibitisha niliificha mimi."

"Faili linasema limehifadhiwa na nani. Lakini tuliache, maana mimi siko hapa kwa ajili ya jedwali." Akaburuta kiti, akakaa uso kwa uso naye. "Mkono ulikuwa mita kumi na mbili. Tani nne zinaruhusiwa. Zilibebwa tatu. Kreni haikuinama, haikuyumba, imesimama yadi mpaka leo. Mzigo ulianguka kwa nini?"

Mhandisi akalifunga jedwali kwenye kioo.

"Kati ya ndoano na nondo kuna nini?" Inspekta akauliza.

"Waya."

"Waya wa kufungia mzigo. Nani huukagua?"

Macho ya kijana yakamponyoka. Yakakimbilia dirishani, kwenye stoo ya mabati yenye kufuli jipya, yakarudi haraka. Yalikuwa yamechelewa. Inspekta akasimama, akafungua mlango wa kontena.

"Vijana! Stoo ile. Kufuli livunjwe, mkishuhudiwa na msimamizi wa zamu. Mnatafuta waya wa chuma uliokatika."

"Niliwaambia!" Mhandisi akainuka, kofia ikamwanguka. "Niliwaambia ofisi kuu waya umekwisha, nyuzi zake zimechomoza, wakasema tumalizie sakafu hii kwanza! Wakaniambia nisaini ukaguzi. Ningefanya nini? Ningekataa?"

"Ndiyo," Inspekta akasema. "Kule mahabusu kuna mtu wa darasa la saba ambaye amekataa tangu alipokamatwa. Inawezekana."

Waya waliukuta nyuma ya magunia ya saruji, umeviringishwa ndani ya turubai. Pale ulipokatika ulikuwa mwekundu kwa kutu mpaka ndani.

* * *

Mkuu wa kituo aliutazama ule waya juu ya meza yake, na lile jedwali lililochapishwa upya, mistari yote kumi na moja. Simu yake iliita. Akaangalia jina, akaigeuza kifudifudi.

"Kwa hiyo tunamfungulia mlango dereva," akasema hatimaye. "Lakini kimyakimya, Kupe. Mlango wa nyuma. Pale mbele kumejaa watu wa kampuni na wanasheria wao, wamekuja na gari lao refu. Sitaki maonyesho."

Inspekta akashuka mahabusu, akampa dereva mkanda wake na viatu vyake. Akamweleza yote, waya na jedwali na mhandisi, kwa maneno machache. Dereva alisikiliza huku akifunga kamba za viatu. Alifunga, akafungua, akafunga tena.

"Dada anajua?"

"Nilimpigia simu kabla sijampigia mtu yeyote. Nilimsomea hesabu yenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata. Yuko hapo mbele, amekuja na miguu yake."

Dereva akasimama. Inspekta akamwonyesha korido ya nyuma, inayotokea kwenye mapipa ya taka.

"Amri ya Mkuu. Utoke huku, dada yako aletwe upande wa pili."

Dereva akaitazama ile korido. Akamtazama Inspekta.

"Wamemwambia dada yangu nimemuua mumewe, wakamwambia mchana, mbele ya majirani. Mimi nitoke kwa mapipa?"

"Mimi nimekueleza amri tu."

"Sitoki, afande. Nirudishe ndani, ufunge."

Inspekta akatazama juu, kule ofisi ya Mkuu iliko. Akatoa kofia yake kwapani, akaivaa, akainyoosha kwa mikono miwili kama siku ya gwaride.

"Nifuate," akasema.

Wakapita mapokezi. Watu wa kampuni wakainuka kwenye mabenchi, mmoja akaanza kusema neno, Inspekta akampita kana kwamba ni kabati. Mlango wa mbele ulikuwa na mabawa mawili. Bawa moja ndilo lililotumika siku zote. Inspekta akapiga goti, akaishika pini ya bawa la pili, iliyokuwa na kutu, akaigonga kwa kitako cha kiganja mpaka ikatoka, akayasukuma mabawa yote mawili mpaka ukutani.

Mwanga ukaingia wote kwa pamoja. Chini ya ngazi alisimama mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani. Alimwona kaka yake, na hakumkimbilia. Alipanda ngazi moja moja, akipita katikati ya wanasheria bila kuomba njia, mpaka akafika juu. Akamshika dereva mkono uleule aliouonyeshea kreni, akaunyanyua mbele ya watu wote, akaushikilia hapo.

"Huyu ni kaka yangu," akasema. "Mwenye neno na alitoe nikiwa hapa."

Hakuna aliyelitoa.